Moto wa Mrina Juu ya Bonga

Mwanga ule ulianza kuzungumzwa mvua za masika zilipokatika. Ukikaa kwenye vibanda vya Bonga, kando ya barabara ya Dodoma, jua likishazama na kabla watu hawajaenda kula, ungeuona kwenye miombo ya mlimani: mwanga mwekundu, mdogo, unatembea polepole, unasimama, unapaa juu kana kwamba unaelea, kisha unashuka na kuendelea na safari yake. Haukuonekana kila jioni. Ukionekana, wenye simu walisimama barabarani kuupiga picha, na picha zote zilitoka nyeusi.

Kandida alizitazama picha hizo kama wengine. Alishikishwa simu, akaambiwa, "Angalia hapo, Mama Damasi, hapo penye ncha ya kidole changu." Akaangalia, akasema ni kweli kuna kitu, akairudisha simu kwa mwenyewe na kwenda zake nyumbani. Nywele zake zilikuwa bado zinanuka moshi wa jana yake. Mwenye mwanga alikuwa yeye.

Alikuwa amepita miaka sitini, mwembamba, mrefu, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Alizaliwa Mbulu kwenye baridi, binti wa mzee Xavery, na aliteremka Bonga akiwa bibi harusi wa Sosthenes, mrina asali, mtoto wa mrina asali. Siku hizo mlima ulikuwa unajulikana mti kwa mti. Mgunga ule ni wa fulani, mkuyu ule una mizinga ya fulani, na huyo fulani akiugua, jirani alimrinia na kumpelekea asali yake mpaka kitandani bila kuonja. Siku hizi watu hawajui hata jina la mti waliofungia mbuzi.

Mwanamke hakupanda mti wa mizinga. Hakuna aliyewahi kueleza kwa nini, na hakuna aliyewahi kuuliza. Kazi ya mwanamke ilikuwa kukaa chini ya mti, kupokea ndoo inayoshushwa kwa kamba, na kuchuja asali nyumbani. Kandida alikaa chini ya mti miaka yote ya ujana wake, akitazama nyayo za mumewe zikipanda.

Kisha magoti ya Sosthenes yakaharibika. Msimu mmoja alipanda akashindwa kushuka. Alikaa juu ya tawi hadi alipopata nguvu. Msimu uliofuata, wakiwa wawili peke yao chini ya mkuyu, alimpa mkewe kamba na kisu.

"Panda," akamwambia. "Mimi nitashika kamba."

"Watu wataniona."

"Watu gani? Watoto wote wapo kwenye pikipiki."

Jioni hiyo Kandida aliumwa na nyuki mpaka jicho moja likafumba. Majirani walipouliza, Sosthenes alijibu kwamba mke wake anaumwa jino. Baada ya msimu wa pili hakuwa anaumwa zaidi ya mwanamume yeyote, na baada ya msimu wa tatu Sosthenes alikaa chini akifoka kwa kila kitu, weka mguu hapa, usikate sega la watoto wa nyuki, acha akiba, na mkewe akawa anamjibu kutoka juu, "Wewe shika kamba tu, mzee." Ilikuwa miaka mizuri kuliko yote ya ndoa yao.

Kabla hajamfundisha kupanda, Sosthenes alimfundisha moto. Mrina huingia msituni giza likishaingia, kwa kuwa nyuki wametulia, na huingia na mwenge wa magome makavu ameuinua juu ya kichwa. Si kwa ajili ya kuona njia, njia anaijua. Ni ili aonekane. Anayeficha moto wake ni mwizi, na zamani mwizi wa mizinga alifukuzwa na ukoo mzima. Na anayekutana na moto msituni hapigi kelele wala hakimbii. Anauliza, "Nani mwenye moto?" Mwenye moto anataja jina lake, anasema mizinga ni ya nani, na kila mmoja anaendelea na yake.

Sosthenes alipofariki, kijana wao Damasi alitoka Dodoma kuzika, na kabla hajarudi alimwambia mama yake ahame. Kandida alikataa. Damasi hakujua lolote kuhusu kamba na kisu, alidhani mama anapenda nyumba. Alimwachia tochi nzuri ya kufunga kichwani ili asijikwae uani. Kandida aliiweka kabatini, na hapo ipo mpaka leo. Tochi inazimwa kwa kidole. Mtu mwenye mwanga wa kuzimwa kwa kidole anaweza kuwa yeyote.

Kwa hiyo alipanda mlimani peke yake, kamba akiifunga kwenye tawi mwenyewe, mwenge wake mkononi, wazi, mbele ya Bonga nzima. Na Bonga nzima ilimtazama isijue inachokitazama.

Ubishi mkubwa ulikuwa kibandani kwa Otilia, mama wa Bukoba anayeuza chai na maandazi, ambaye wengi humwita Mama Noela. Kandida alipita hapo siku ya Jumatano akitoka gulioni, akaketi kwenye benchi la pembeni. Walikuwepo Calvin, fundi wa sola aliyetoka Moshi, na Wilbroad, dereva wa bodaboda, mtu mzima wa miaka thelathini ambaye bado alivaa kofia ya mtoto. Kwenye kona, na kikombe chake, alikuwepo mzee Anselmi, mdogo wake marehemu Sosthenes, ambaye sasa ndiye mkubwa wa nyumba ile.

"Ni malori," alisema Calvin. "Nimesema na narudia. Lori likipanda kona kule mbele, taa zinapiga kwenye majani, majani yanarudisha. Ni fizikia tu."

"Lori gani linakaa juu ya mti nusu saa?" aliuliza Wilbroad.

"Labda kuna foleni."

"Foleni? Bonga?"

Walicheka mpaka Otilia akaweka birika chini. "Nyie chekeni," alisema. "Mwanga unaopaa sisi tunaujua. Kuna watu wanasafiri kwa njia zao. Msinifanye nitaje."

"Wanasafiri kwenda wapi, Mama Noela?"

"Kwani wanakata tiketi hapa kwangu?"

"Mimi nawaambia ni wachimbaji," alisema Wilbroad. "Kuna jamaa nilimbeba kutoka Nangara, ana sururu na taa ya kichwani. Nikamuuliza unachimba nini, akasema viazi. Viazi na taa ya kichwani, wewe?"

"Mbona mwanga ni mwekundu? Taa ya kichwani ni nyeupe," alisema Calvin.

"Betri imechoka."

Kandida alikunywa chai yake. Hakuna aliyemuuliza, naye alikuwa anaona raha, lazima ukweli usemwe. Amekuwa lori, amekuwa mchawi, amekuwa mwizi wa madini, yote kwa jioni chache, mwanamke ambaye kwenye mkutano wa mtaa mwenyekiti humruka anapoinua mkono.

Ndipo Anselmi akaweka kikombe.

"Huo ni moto wa magome," alisema. Hakupaza sauti, lakini wote walimgeukia. "Nyie hamuujui, mimi nimeukulia. Ni moto wa mrina asali. Unasimama kwenye mkuyu wa kwanza, unaenda kwenye migunga, unamalizia kwenye mkuyu wa chemchemi. Hiyo ni njia ya kaka yangu."

"Basi ni mwizi anakuibia asali, mzee," alisema Wilbroad.

"Mwizi habebi moto. Mwizi anaenda gizani. Huyu anaubeba juu ya kichwa kama mwenye haki." Anselmi alivuta pumzi. "Na warina wa mlima huu wote tumeshawazika. Nyie mnaendesha pikipiki. Mimi nimezeeka. Sasa mtu mwenye haki, anayeijua njia ile, na hayupo kati ya walio hai, ni nani?"

 Otilia alifanya ishara ya msalaba.

"Kaka yangu hajapumzika," alisema Anselmi. "Anafuata mizinga yake. Jumamosi nitapanda na vijana wenye mashoka. Miti ile tutaiangusha na mizinga tutaichoma, kisha nitamwomba padre misa. Nilipaswa kufanya hivyo siku tuliyomzika." Akamgeukia Kandida, na sauti yake ikawa ya upole kweli. "Shemeji, usilie. Wewe utatuletea maji ya kunywa tu."

Kandida hakuwa analia. Alikuwa ameuma shavu kwa ndani ili asicheke, na kicheko kile kikamgandia mdomoni aliposikia neno mashoka.

"Na kama siyo yeye?" aliuliza.

"Nitajie mrina mmoja aliye hai, shemeji. Mmoja tu."

Kandida alimalizia chai yake. Angesema pale, kati ya chai na maandazi, ingekuwa hadithi ya bodaboda kabla ya jua kuzama, kutoka Bonga mpaka Bagara: bibi kizee juu ya mti. Zaidi ya hapo, mizinga ya marehemu hugawanywa na mkubwa wa nyumba. Anselmi hakuwahi kuigawa kwa sababu aliamini nyuki wameshahama. Akijua kuna asali, angeichukua kwa neno moja, na desturi ingekuwa upande wake. Lakini kilichomfunga mdomo hasa kilikuwa kingine. Kusema pale kungekuwa kuungama, na yeye hakuwa na kosa la kuungama. Hakuna hata jioni moja aliyopanda gizani.

Alilipia chai na kuondoka.

Usiku wa Jumatano na wa Alhamisi aliwaza mambo mengi. Aliwaza kubaki ndani, moto usionekane, lakini Anselmi angesema marehemu ameogopa mashoka, na angekata tu. Aliwaza kupanda na kutoa asali yote kabla ya Jumamosi, mizinga ibaki mitupu. Hilo lilimchefua. Lingekuwa kujiibia mwenyewe, na sega la watoto lingekufa, na nyuki wa Sosthenes wangelala njaa kwa mkono wake.

Mwishowe hakuamua jambo lolote kubwa. Ijumaa ilikuwa zamu ya mkuyu wa chemchemi, asali yake ilikuwa imeiva, na mrina hurina asali iliyoiva. Jua lilipozama alifunga magome mengi kuliko kawaida, akawasha, akauinua mwenge, na badala ya njia yake ya siku zote akapita njia ya karibu zaidi, juu kidogo ya nyumba ya Anselmi.

Mzee yule alikuwa amekaa nje akisubiri. Tangu Jumatano alikuwa anasubiri, maana alitaka, kabla ya kumchomea kaka yake mizinga, kumwona mara moja. Aliona moto ukipita. Alimpigia simu Wilbroad aje na pikipiki, na Wilbroad akaja na Calvin amempakia nyuma, kwa kuwa Calvin alikuwa ameapa atawaonyesha malori. Walifika chini ya mlima wakaacha pikipiki. Mlimani walitembea kwa miguu, Anselmi mbele, wale wawili nyuma wakibishana kwa kunong'ona nani ataanza kukimbia.

Kandida alikuwa juu ya tawi kubwa la mkuyu, mwenge ameuchomeka kwenye panda la matawi, ndoo imekaribia kujaa, aliposikia majani yakikanyagwa chini. Akasimamisha kisu.

"Nani mwenye moto?"

Sauti ilitetemeka, lakini maneno yalikuwa yale yale, kwa mpangilio ule ule. Kandida hakuwa ameyasikia tangu Sosthenes akiwa na magoti mazima. Miezi yote hiyo Bonga ilibishana juu ya mwanga, na hakuna mmoja aliyewahi kupanda kuuliza. 

"Kandida," alijibu. "Kandida binti Xavery."

 Kisha Wilbroad akanong'ona kwa nguvu, "Mzee, marehemu ana sauti ya mama."

"Mizinga ya nani?" aliuliza Anselmi. Ulikuwa ni mdomo wake uliozoea uliouliza. Yeye mwenyewe bado alikuwa akimtafuta kaka yake kati ya matawi.

"Yangu."

"Shuka."

"Ndoo imejaa. Siwezi kushuka na ndoo na kisu na moto. Pokea kamba."

"Nimesema shuka, mwanamke."

"Na mimi nimesema pokea kamba, shemeji. Naiachia sasa hivi. Usipoishika, asali inamwagika miguuni kwako."

Akaiachia. Calvin baadaye alisimulia kwamba hajawahi kuona mzee akibadilika namna ile. Anselmi alidaka kamba, akaizungusha kiunoni mara moja, akakaza mguu kwenye shina, na ndoo ikateremka taratibu kama maji ya mtungi, bila kugonga tawi hata moja. Mikono yake ilikuwa haijashika kamba ya mrina tangu aache kumshikia kaka yake na kufungua tanuri la matofali, na haikuwa imesahau kitu.

Kandida alishuka. Alifika chini, akajipangusa majivu usoni, akasimama mbele ya shemeji yake mwenge ukiwa mkononi. Alikuwa mrefu kuliko yeye.

"Nani alikupandisha mti?" aliuliza Anselmi.

"Kaka yako."

"Usimsingizie maiti."

"Magoti yake uliyaona. Alishindwa kupanda ngazi za kanisa. Asali uliyoletewa nyumbani kila msimu, bakuli limejaa, ulidhani alikuwa anapanda na nini?"

Anselmi alitikisa kichwa. "Basi alinidanganya."

"Hakukudanganya. Hukuuliza. Ulipokea bakuli ukafunga mlango." Alisema bila hasira, kama anayesoma kitu kilichoandikwa. "Tangu masika napita mbele yenu nyote na moto juu ya kichwa. Mmenipiga picha. Mmeniita lori. Leo nimeulizwa mara ya kwanza, na leo leo nimejibu."

"Mimi ndiye niliyesema lori," alisema Calvin. "Naomba radhi, mama. Shikamoo."

"Marahaba."

Anselmi aligeuka akateremka mlima bila kuaga. Hakusema kama mashoka yatakuja au hayatakuja. Kandida alibeba ndoo yake akarudi nyumbani, na usiku ule hakulala vizuri.

Jumamosi asubuhi vijana walikusanyika kwa Otilia na mashoka yao, wamekunywa chai, wana furaha, maana kuangusha mti mkubwa ni sherehe kwao. Wilbroad alikuwa ameshaanza kusimulia, na kwenye hadithi yake mti ulikuwa umefika mawinguni. Kandida alikuja akasimama upande wa pili wa barabara. Hakuleta maji.

Anselmi alifika amevaa koti lake la misa. Alisimama katikati yao, na ilionekana wazi kwamba lile alilokuja kulisema lilikuwa zito kuliko shoka lolote lililokuwepo pale.

"Rudini majumbani," alisema. "Hakuna mti wa kuangushwa. Ule moto ni wa shemeji yangu. Ni mrina."

Kijana mmoja akacheka.

"Aliyecheka," alisema Anselmi, "akapande mkuyu wa chemchemi jioni hii, nimwone."

Hakuna aliyejitokeza. Wakatawanyika mmoja mmoja, mashoka mabegani, wamenyong'onyea. Otilia ndiye aliyehuzunika zaidi. Alisema hadithi imeharibiwa. Calvin alikubali kwamba ni moto wa mrina, ila akaongeza kwamba jioni nyingine, ambazo mama hakupanda, basi ni malori, na ubishi ukaanza upya kabla maji ya chai hayajachemka.

Jumapili baada ya misa ya pili, Kandida alikwenda nyumbani kwa Anselmi na bakuli la asali. Alimkuta amekaa kwenye kigoda uani, amekunja uso. Mzee alipokea bakuli akaliweka chini bila kuliangalia.

"Nilichosema jana nilisema kwa sababu ya wale watoto," alianza. "Usije ukadhani yameisha. Mizinga ni ya ukoo."

"Ni ya ukoo."

"Na wewe ni mwanamke."

"Nimezaa kwenye ukoo huu, nimezika kwenye ukoo huu, na narina kwenye ukoo huu. Sasa wewe niambie mimi ni wa wapi."

 Anselmi alikohoa, akafukuza kuku aliyekaribia bakuli. Kandida hakungoja jibu. Alikuwa amekuja kwa jambo lingine.

"Mzinga wa mgunga wa kati umepasuka," alisema. "Mvua ijayo haumalizi. Nahitaji mwingine."

Alijua anachokiomba, na Anselmi alijua. Wanunuzi wa mizinga ya mbao huipata mjini, ya masanduku, yenye misumari. Lakini katika nyumba ile mzinga wa gogo ulichongwa na mkubwa wa nyumba kwa mkono wake, naye alimchongea mrina tu. Baba yao alimchongea Sosthenes. Hakuwahi kumchongea Anselmi, ambaye aliogopa kupanda tangu utotoni, na hilo Anselmi alilibeba maisha yake yote.

 Mzee alitazama mikono yake, ambayo viganja vyake vilikuwa vimechubuka kwa kamba ya Ijumaa. Jirani mmoja alipita akawasalimu, wote wawili wakaitikia, jirani akapita. Kandida hakuketi wala hakusogea. Angesimama pale mpaka jioni, na alikuwa anaonekana kuwa atasimama.

"Wa mti gani?" aliuliza Anselmi mwishowe, bado akitazama viganja vyake.

"Mringaringa," alisema Kandida. "Ukiupata uliokauka wenyewe."

"Uliokauka wenyewe siku hizi haupatikani hovyo," alisema Anselmi. Aliinuka polepole, akaingia ndani, na Kandida akamsikia akisukuma vyombo huku na huku, akitafuta tezo yake ya kuchongea.